Bastola Ndani ya Chumba cha Marubani: Mwongozo wa Kuibeba, Kuifunga na Kuiacha Ilipo

Nchini Marekani wapo marubani wa ndege za abiria na za mizigo wanaoruka wakiwa na bastola kiunoni, nao hufanya hivyo kwa idhini ya sheria. Sheria hiyo ilitiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 25 Novemba 2002, ikiwa ndani ya sheria kubwa iliyounda Wizara ya Usalama wa Ndani, miezi 14 baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Rubani aliyeidhinishwa ni ofisa wa shirikisho wa kulinda chumba cha marubani, na katika makaratasi ya serikali hujulikana kwa herufi FFDO. Kundi la kwanza la marubani 44 lilihitimu Aprili 2003 huko Glynco, katika jimbo la Georgia, kisha mafunzo yakahamishiwa Artesia, New Mexico. Mwanzoni ruhusa ilikuwa ya ndege za abiria peke yake, lakini Desemba 2003 Bunge likawajumuisha pia marubani wa ndege za mizigo.

Mwongozo huu unamlenga rubani anayesoma Kiswahili ambaye anafanya kazi Marekani au anafikiria kuomba nafasi hiyo, pamoja na mwanafunzi wa urubani anayejiuliza silaha inakaaje salama katika chumba ambacho hata kusimama wima ni taabu. Hauchukui nafasi ya mafunzo rasmi, ambayo sehemu yake kubwa haitolewi hadharani na haipaswi kutolewa. Umeegemea yale yaliyo wazi katika sheria, katika kanuni za jumla za silaha, na katika tukio moja la mwaka 2008 ambalo kila anayebeba bastola ndani ya ndege angepaswa kulielewa kwa undani. Msimamo wangu ni kwamba bastola iliyotulia ndani ya ala yake haina madhara makubwa kwa mtu yeyote, na kwamba hatari huanza pale mkono unapoigusa, kwa hiyo utaratibu unaofaa kufuatwa ni ule unaopunguza idadi ya mara inazoguswa.

Mamlaka yako yanaishia mlangoni

Kabla ya kujifunza kulenga shabaha, rubani ajue kwanza analinda nini. Sheria, ambayo imo katika kifungu cha 44921 cha Juzuu ya 49 ya sheria za Marekani, inamteua kulinda chumba cha marubani dhidi ya utekaji nyara na uhalifu, na inamruhusu kutumia nguvu, ikiwamo nguvu ya kuua, endapo ana sababu za msingi za kuamini kwamba usalama wa ndege uko hatarini. Hayo ni mamlaka mazito, lakini eneo lake ni dogo sana, kwa kuwa yanaanzia kwenye vioo vya mbele na kuishia kwenye mlango wa chumba. Abiria wakipigana kwenye safu za nyuma, mlevi akimtukana mhudumu, mtu akikataa kufunga mkanda, yote hayo yanabaki kuwa kazi ya wahudumu, ya askari wa anga ikiwa wamo ndani ya ndege hiyo, na ya polisi watakaoisubiri chini.

Waliotunga sheria waliliona jambo hili mapema. Waliagiza kuwepo taratibu za kuhakikisha kwamba silaha haitoki katika chumba cha marubani wakati kuna vurugu huko kwa abiria, wala wakati rubani anapotoka kwa haja zake binafsi. Kwa vitendo, hii ina maana kwamba kelele za nyuma ni sababu ya kuhakikisha mlango umefungwa, na hata wahudumu wakiita kwa sauti ya kukata tamaa, rubani mwenye bastola habebi bastola yake kwenda kuwasaidia. Jambo hili ni gumu kimoyo kuliko linavyosomeka kwenye karatasi, na ndiyo maana linafanyiwa mazoezi.

Mpaka wa pili haumo kwenye ramani ya ndege. Bastola haina kura katika maamuzi ya safari. Mwezi Oktoba 2023 mahakama ya shirikisho huko Utah ilipokea mashtaka dhidi ya rubani msaidizi wa shirika la Delta aliyekuwa na idhini ya kubeba silaha chini ya programu hii, akidaiwa kwamba katika safari ya Agosti 2022 alitishia kumpiga risasi rubani mkuu ikiwa angeigeuza ndege kwa ajili ya abiria aliyehitaji matibabu. Iwe rubani mwenye silaha ndiye anayeongoza ndege au ndiye msaidizi, amri ya safari inabaki kwa rubani mkuu vilevile kama ambavyo ingekuwa bila bastola. Ukiona kwamba mabishano ya kikazi kati yako na mwenzako yanakufanya ukumbuke kwamba una silaha, hiyo ni dalili kwamba hupaswi kuwa nayo, na hatua sahihi ni kujitoa katika programu kabla ya safari inayofuata.

Kabla ya kuomba

Kazi hii ni ya kujitolea kabisa. Serikali haimlipi rubani kwa huduma hiyo, na sheria inasema wazi kwamba wala serikali wala shirika la ndege halilazimiki kumlipa kwa kushiriki au kwa muda anaoutumia mafunzoni. Kwa upande mwingine, shirika haliruhusiwi kumkataza rubani wake kujiunga wala kumtishia adhabu kwa sababu amejiunga. Mwombaji anachunguzwa historia yake na hali yake ya akili, na sheria inatoa kipaumbele kwa waliowahi kuwa wanajeshi au askari. Programu inaendeshwa na Mamlaka ya Usalama wa Usafiri, TSA, na mafunzo ya silaha yamejengwa juu ya yale wanayopewa askari wa anga wa shirikisho.

Yanayofundishwa ni mambo matatu, na wengi hukosea wakidhani ni moja. La kwanza ni kupiga shabaha. La pili ni kuidhibiti silaha isinyang'anywe, ambalo linahusisha mbinu za kupambana kwa mikono ukiwa umeketi au umebanwa. La tatu ni uamuzi, yaani kutambua wakati ambapo bastola inafaa na wakati ambapo nguvu ndogo zaidi inatosha. Baada ya hapo rubani anarudi kwenye uwanja wa shabaha mara mbili kila mwaka ili kuthibitisha kwamba bado anaweza. Asiyefuzu habebi. Ningemshauri mtu asiyependa kwenda kwenye mazoezi kwa gharama ya siku zake za mapumziko asianze kabisa, kwa sababu bastola iliyo mikononi mwa mtu aliyeacha mazoezi ni mzigo kwa kila aliye ndani ya ndege.

Unyamavu nao ni sehemu ya usalama. Majina ya marubani hawa hayatangazwi, na faida kubwa ya programu iko katika ukweli kwamba mtu mwenye nia mbaya hajui ni ndege ipi ina bastola na ipi haina. Usiwaeleze majirani, usipige picha ukiwa na ala kiunoni, na usijitape kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa nyumbani. Rubani mwenzako katika safari hiyo ndiye anayestahili kujua, na ajue kabla injini hazijawashwa.

Kanuni nne zinapoingia katika chumba kidogo

Mtu yeyote aliyewahi kufundishwa silaha anazijua kanuni nne: ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu, kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kupiga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Kwenye uwanja wa shabaha kanuni hizi ni rahisi, kwa kuwa mbele kuna kichuguu cha udongo na pembeni kuna mwalimu. Ndani ya ndege kila moja inageuka kuwa swali.

Kanuni ya kwanza haina ubishi hapa, kwa sababu bastola ya rubani aliye kazini kweli ina risasi. Hakuna sababu ya kuitoa kwenye ala ili kuhakikisha. Uhakika huo unapatikana mara moja tu, kabla ya safari, mahali palipotengwa.

Kanuni ya pili ndiyo inayosumbua. Mtutu uelekezwe wapi? Mbele kuna vioo na vifaa vya kuongozea ndege. Pembeni kuna mwenzako. Nyuma, baada ya mlango, kuna wahudumu na abiria. Chini ya sakafu, katika ndege nyingi kubwa, ndipo kilipo chumba cha mitambo ya kielektroniki ambayo ndege inaitegemea ili iongozeke. Juu kuna paneli zilizojaa swichi na nyaya. Hakuna upande ulio salama kabisa, kuna upande wenye hasara ndogo kuliko mwingine, na hata huo hubadilika kulingana na aina ya ndege. Jibu la kweli la swali hili ni kwamba mtutu uelekee ndani ya ala, na ubaki humo safari nzima.

Kuhusu kidole, tatizo haliishii kwenye kidole. Kitu chochote chembamba kinachoweza kuingia kwenye duara la triga kinaweza kufanya kazi ya kidole: pindo la koti, kamba ya jaketi, ncha ya mkanda wa kiti, ufunguo unaoning'inia. Kiti cha rubani kina mikanda inayotoka mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja, na yote hukutana karibu na mahali ambapo watu huvaa ala. Kwa hiyo funga mikanda kwanza huku ukiangalia kwa macho, kisha pitisha kiganja juu ya ala, ukiwa hujaishika bastola, ili kuhakikisha hakuna kitambaa wala mkanda uliojipenyeza. Fanya hivyo ndege ikiwa bado imesimama. Ikiwa utahitaji kuitoa silaha kwa dharura ya kweli, kidole kilale wima kando ya mwili wa bastola, kwa kuwa mtikisiko mmoja wa hewa au mshtuko wa kelele humfanya mtu akaze ngumi bila kukusudia.

Kanuni ya nne inahusu mlango. Anayeubomoa anaweza kuwa mtekaji, lakini aliye mbele yake anaweza kuwa mhudumu aliyeshikwa kama ngao, na walio nyuma yake wanaweza kuwa abiria waliokuja kumkamata. Mnamo Septemba 11, 2001, abiria wa ndege ya United namba 93 waliokuwa wakipambana na watekaji ndio waliokuwa wakisonga kuelekea chumba cha marubani. Tangu siku hiyo, rubani yeyote mwenye silaha anapaswa kudhani kwamba nyuma ya adui kuna watu wanaomsaidia.

Hapa kuna jambo ambalo watu huliogopa isivyo lazima, nalo ni lile wazo kwamba tundu moja la risasi litaipasua ndege kama puto. Halitaipasua. Hewa ya ndani ya ndege husukumwa humo mfululizo na hutolewa kwa vali maalumu ambayo uwazi wake ni mkubwa mara nyingi kuliko tundu la risasi, hivyo tundu dogo huongeza tu uvujaji ambao mfumo unaweza kuufidia. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege ya Aloha Airlines namba 243 ilipoteza sehemu kubwa ya paa lake ikiwa angani huko Hawaii, mhudumu mmoja akapoteza maisha, lakini ndege ilitua Maui. Kinachopaswa kuogopwa ni kile risasi itakachokutana nacho kabla ya kufika kwenye ukuta: kifungu cha nyaya, kompyuta, au mwili wa mtu. Sheria yenyewe iliagiza hatari hiyo ya kupiga mifumo ya umeme na vifaa nyeti ichunguzwe na ipunguzwe.

Kufuli la mwaka 2008

Tarehe 22 Machi 2008, ndege ya US Airways namba 1536, Airbus A319, ilikuwa ikikaribia Charlotte ikitokea Denver. Ilikuwa imeshuka kufikia takriban futi 8,000 pale bastola ya rubani mkuu ilipofyatuka ndani ya chumba alipokuwa akiiweka vizuri kwa ajili ya kutua. Risasi ilipenya ukuta wa kushoto chini ya dirisha na kutoka nje. Hakuna aliyeumia, na ndege ilitua salama na abiria wake 124.

Ili kuelewa ilitokeaje, inabidi kuitazama ala iliyokuwa ikitumika wakati huo. Ilikuwa na tundu lililopenya upande mmoja hadi mwingine, na kupitia tundu hilo rubani alitakiwa kuingiza kile chuma kilichopinda cha kufuli, kipite ndani ya duara la triga, nyuma ya triga yenyewe, kisha afunge. Kufuli likikaa hivyo, triga haiwezi kuvutwa na bastola haiwezi kutolewa. Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Ikiwa bastola haijazama hadi mwisho wa ala, tundu halilingani tena na nafasi ya nyuma ya triga, na kufuli linaweza kupita mbele yake. Ukiwa umeketi, umefungwa mikanda, ala iko kiunoni na macho yako yanahitajika mbele, huoni tofauti. Kisha unaisukuma bastola ili ikae, bastola inashuka, chuma cha kufuli kinabaki palepale, na triga inajikuta imesukumwa na kufuli lililowekwa ili kuilinda.

Lawama nyingi zilimwendea rubani. Mimi naona kosa kubwa lilianza mbali naye, katika utaratibu uliomtaka mtu afunge na kufungua kufuli kwenye bastola yenye risasi, karibu na triga, mara kadhaa katika kila safari, kwa kuwa kila alipotaka kutoka chumbani silaha ilipaswa kuwa imefungwa. Nia ya utaratibu ilikuwa kuizuia bastola isizagae nje ya chumba, na nia hiyo ni njema, lakini matokeo yake yalikuwa kuongeza idadi ya mara ambazo mikono iliigusa.

Mafunzo yanayotokana na tukio hilo ni ya kushikika. Usipitishe kitu chochote ndani ya duara la triga la silaha yenye risasi, hata kama kitu hicho kinaitwa kifaa cha usalama. Ikiwa silaha lazima ifungwe kwa kufuli, fungia kisanduku kigumu ambacho bastola imewekwa humo ikiwa bado ndani ya ala yake, ili mkono ushike ala na kisanduku, usishike bastola. Chagua ala inayofunika triga yote kwa kitu kigumu, ambayo mdomo wake haujikunji silaha ikitolewa. Bastola inaporudishwa kwenye ala, irudishwe polepole na kwa kuangalia, kwa sababu hakuna haraka yoyote ya kuirudisha. Ikigoma kuingia usiilazimishe, itoe, angalia kilichozuia, anza upya.

Na usiiguse wakati wa kushuka. Kanuni ya Marekani ya tangu 1981 inakataza shughuli zote zisizo za lazima katika chumba cha marubani ndege ikiwa chini ya futi 10,000, isipokuwa ikiwa katika safari tulivu ya usawa. Kupanga silaha kunapaswa kuhesabiwa miongoni mwa shughuli hizo. Kila kinachohitajika kufanywa na bastola kimalizike ama kabla ya kuondoka ama baada ya ndege kuegeshwa na injini kuzimwa. Ikilazimu kuishughulikia angani, mwambie mwenzako kwa maneno kamili, mkabidhi uongozaji wa ndege, usubiri akujibu kwamba ameupokea, ndipo upeleke mkono.

Siku ya safari

Siku huanza nyumbani, na mahali pa kuandaa silaha ni pale ambapo hakuna watoto, hakuna simu inayolia, na kuna kitu kinachoweza kupokea risasi ikitoka kwa bahati mbaya. Pakia mara moja, hakiki mara moja, weka kwenye ala, funga. Marubani wengine wana tabia ya kupakua na kupakia kila usiku hotelini kwa kudhani ni uangalifu. Kila upakuaji ni nafasi mpya ya kukosea, hasa kwa mtu aliyechoka, na kuta za hoteli ni nyembamba kuliko zinavyoonekana.

Nje ya chumba cha marubani, bastola husafiri ndani ya kisanduku kilichofungwa, na kisanduku hukaa kwenye mkoba usiotangaza kilichomo. Mkoba huo haukai kwenye toroli la mizigo ya wafanyakazi, hauachwi chini ya kiti kwenye basi la kwenda hotelini, na haukabidhiwi kwa mwenzako mwema anayejitolea kukusaidia. Mikoba ya marubani hufanana, nayo huchukuliwa kwa makosa kirahisi. Tia alama ambayo wewe unaitambua kwa kuigusa, na mkanda wake uupitishe mwilini.

Pombe inahitaji msimamo mkali kuliko ule wa urubani. Kanuni ya anga ya Marekani inamkataza rubani kufanya kazi ndani ya saa 8 baada ya kunywa au akiwa na kiwango cha asilimia 0.04 ya pombe katika damu, na mashirika mengi yana kanuni kali zaidi. Kwa mwenye silaha swali haliishii kwenye saa ngapi kabla ya kuruka, linagusa pia jioni ile ya mapumziko ambapo bastola iko chumbani. Siku unazobeba, usinywe. Dawa za mafua zinazoleta usingizi na uchovu wa kubadili saa za nchi navyo vinastahili kutiliwa maanani, na rubani anayejiona hayuko sawa aiache silaha mahali pake rasmi siku hiyo.

Mlango unapofunguliwa

Aprili 2003 ndio uliokuwa mwisho wa muda waliopewa mashirika kufunga milango iliyoimarishwa dhidi ya risasi na kuvunjwa. Mlango huo ndio kinga ya kwanza, na bastola ipo kwa ajili ya siku utakaposhindwa. Udhaifu wake ni kwamba lazima ufunguliwe, kwa ajili ya chakula na choo, na ni kwa sababu hiyo Marekani mwaka 2023 iliamua kwamba ndege mpya za abiria ziwe na kizuizi cha pili kinachoshushwa mlango unapofunguliwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kumbukumbu zetu kuhusu mlango usiozuia. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania iliyokuwa imetoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na kuishia Stansted, Uingereza. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines namba 961, Boeing 767 iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi, ilitekwa na watu watatu walioingia chumba cha marubani na kuchukua shoka na kizima moto vilivyokuwamo humo. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini karibu na Ngazija, na kati ya watu 175 waliokuwamo 125 walikufa. Silaha walizotumia zilikuwa vifaa vya ndege yenyewe. Rubani anayebeba bastola alikumbuke hilo kila mlango unapofunguliwa, kwa kuwa ameongeza kitu kimoja kwenye orodha ya vinavyoweza kunyang'anywa. Upande wa mwili wenye ala ugeuzwe mbali na mlango, mkono wa upande huo uwe huru bila kikombe wala simu, na mlango usifunguliwe mpaka mhudumu amethibitisha kwamba njia ni tupu. Kwa kuwa sheria inataka silaha ibaki chumbani, rubani anayetoka kwenda chooni haendi nayo, nayo haibaki wazi bila kudhibitiwa.

Risasi ikitoka

Ikifyatuka bila kukusudiwa, jambo la kwanza ni kuendelea kuongoza ndege. Mlio wa bastola katika chumba kile huziba masikio kwa muda, kwa hiyo msitegemee kusikilizana. Tumieni ishara na mtazamane usoni. Mmoja aongoze, mwingine aangalie nani ameumia, shinikizo la hewa likoje, na taa gani za onyo zimewaka. Ikiwa shinikizo linashuka, vaeni barakoa za oksijeni na mfuate orodha ya dharura kama kawaida. Bastola iachwe imeelekea mahali pasipo na mtu, kidole nje ya triga, na asiwepo wa kuhangaika nayo kutafuta sababu. Baada ya kutua, iachwe kama ilivyo kwa wachunguzi, pamoja na ala na kufuli lake, kwani ni vitu hivyo vilivyoeleza kisa cha 2008. Toa taarifa mara moja, na usijaribu kuipunguza uzito.

Sheria inatofautisha makosa. Ikiwa mfyatuko wa bahati mbaya umemjeruhi au kumuua abiria au mfanyakazi wa ndege, na ikathibitika kwamba ulitokana na uzembe wa ofisa, uteuzi wake hufutwa. Ikionekana kwamba kasoro iko katika viwango, mafunzo au taratibu, programu yote inaweza kusimamishwa kwa muda mpaka kasoro irekebishwe. Katika matumizi ya kukusudia ya kulinda chumba, ofisa analindwa dhidi ya madai ya fidia isipokuwa pale alipofanya uzembe mkubwa au ukosaji wa makusudi, na shirika la ndege halibebi lawama kwa uamuzi wake wa kupiga au kutopiga.

Nyumbani, mipakani, na kuiacha kazi

Bastola ni mali ya serikali na risasi zake ni za serikali. Nyumbani ikae kwenye kabati la chuma lenye namba ambazo watoto hawazijui, tena mbali na silaha binafsi ikiwa unazo, ili usije ukachanganya risasi. Haitumiki kuwindia, haibebwi sokoni siku ya mapumziko, na haiazimwi. Kuisafisha kufanyike baada ya kuipakua, na risasi zikiwa zimehamishiwa chumba kingine kabla hujagusa kitambaa cha kusafishia.

Nje ya Marekani, bastola inaingia chini ya sheria ya nchi inayopokea ndege, na kinachoamua ni makubaliano kati ya serikali, hata kitambulisho chako kiwe kizuri namna gani. Kenya na Tanzania hazina programu ya kuwapa silaha marubani wa ndege za abiria. Kenya inasimamia silaha kwa Sura ya 114 ya sheria zake, na Tanzania kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mtu anayeingia na silaha isiyo na kibali cha nchi husika atashughulikiwa kama mwingine yeyote. Rubani anayekuja likizo Mombasa au Moshi airudishe silaha mahali pake kabla hajapanda ndege ya abiria, na kabla ya kufunga begi akague mifuko yake yote kutafuta risasi moja iliyosahauliwa, kwani hiyo ndiyo inayowakwamisha watu kwenye mashine za ukaguzi.

Anayeacha programu, kwa kustaafu, kwa kupoteza cheti cha afya au kwa kuchoka tu, hurudisha bastola, ala, kisanduku, risasi zote na kitambulisho kwa pamoja, akiwa ameipakua silaha, huku namba ya bastola ikilinganishwa na ile iliyo kwenye fomu mbele ya anayeipokea, na nakala ya stakabadhi iliyotiwa saini akaihifadhi yeye mwenyewe.